Kitabu cha Asha kwa Kiingereza: anza na mpangilio, ritifaa ifuate

Swali: Mwalimu wa darasa la tano huko Wete, Pemba, anauliza: "Nina wanafunzi 58. Nikiwaambia waandike 'kitabu cha Asha' kwa Kiingereza, wengine wanaandika 'book of Asha', wengine 'book Asha', wengine 'Asha her book'. Niliwafundisha kwamba ritifaa, yaani ile alama ya ('), inakaa kabla ya s, na sasa wanaitia kila penye s: 'two book's', 'he eat's'. Nianzie wapi, na nitumie vipindi vingapi?"

Jibu:

Mwalimu, makosa uliyoyataja hayana chanzo kimoja, ndiyo maana somo moja la ritifaa halikuyaondoa. "Book of Asha", "book Asha" na "Asha her book" ni makosa ya mpangilio wa maneno, na yanatoka katika lugha anazozijua mtoto. "Two book's" na "he eat's" ni makosa ya alama, na yanatoka katika kanuni aliyopewa darasani. Tengeneza mpangilio kwanza. Mtoto ambaye mdomo wake haujazoea kumtanguliza mwenye kitu, ritifaa kwake ni pambo, na pambo hulitia popote anapoona panapendeza. Vipindi vitano vinatosha, na katika viwili vya mwanzo mtoto haandiki ritifaa hata moja.

Tazama mtoto wa Pemba anakuja skuli na nini. Kwa Kiswahili kitu hutangulia na mwenyewe hufuata: kitabu cha Asha, dau la Khamis. Chuoni, yaani madrasa, anakutana na Kiarabu, na huko mpangilio ni ule ule: Baytullahi, Nyumba ya Mwenyezi Mungu, Rasulullahi, Mtume wa Mwenyezi Mungu. Tena Kiarabu hakiweki hata neno la kuunganisha katikati. Majina yetu nayo yako hivyo: Asha Juma ni Asha mtoto wa Juma. Kwa hiyo anayeandika "book Asha" si mvivu wala si mzito. Amefuata njia iliyomfaa katika lugha mbili. "Asha her book" nayo ina asili yake. Nyumbani anasikia "babaake Asha" na "kitabu chake Asha", na ile "-ake" anaitafutia pa kuiweka. Waingereza wenyewe katika karne ya 16 na ya 17 waliandika mara nyingi maneno ya mfano wa "the king his crown", basi mtoto wako hayuko peke yake. Lililo gumu zaidi ni "book of Asha", kwa sababu "of" ipo kweli katika Kiingereza na anayesema hivyo anaeleweka. Hilo nimeliwekea kipindi chake cha mwisho.

Kipindi cha kwanza kiwe cha mdomo mtupu. Usiandike chochote ubaoni. Kusanya vitu vinane kutoka kwa wanafunzi wanane: kalamu, daftari, rula, kofia, mkoba, chupa ya maji, kitana, kiatu. Inua kimoja uulize: "Whose pen is this?" Jibu la mwanzo liwe neno moja tu: "Asha's." Usidai sentensi nzima. Neno hilo moja linamwonesha mtoto kwamba anayebeba alama ya umiliki ni mwenye kitu, si kitu chenyewe. Vitu vyote vinane vikishapita mara mbili, rudia tena, na sasa jibu liwe "Asha's pen." Jina limeshazoea kutoka mdomoni mwanzo, kwa hiyo kitu hakina pa kukaa ila nyuma yake. Kwa darasa la watu 58 usiulize mmoja mmoja. Safu moja iulize, nyengine ijibu, kisha zibadilishane.

Sikiliza sauti ya mwisho bila kuifanyia hotuba. Majina mengi ya watoto wetu yanaishia kwa irabu, na baada ya irabu ile s husikika kama z: Asha's, Juma's, Fatma's, Ali's. Ni hivyo hivyo kwa Rashid's, Salum's na Omar's. Inabaki s kamili baada ya sauti kama f, k, p na t: Yussuf's, Mubarak's. Jina likiishia kwa s au z, kama Khamis, Abbas na Aziz, inaongezeka silabi nzima, "Khamis-iz". Hapa watoto wetu wamerahisishiwa, kwa sababu nyumbani wanamwita Khamisi. Wakitia z tu mwishoni wameshalitamka inavyotakiwa.

Kipindi cha pili ndicho cha kukipa nguvu zako zote. Kata kadi tatu za manila, kila moja ukubwa wa karatasi ya A4, uandike pande zote mbili kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la mwisho. Kadi ya kwanza ina "kitabu" upande mmoja na "book" upande wa pili. Ya pili ina "cha" upande mmoja na 's upande wa pili. Ya tatu ina "Asha" pande zote mbili. Wasimamishe wanafunzi watatu mbele ya darasa wakionesha Kiswahili: kitabu, cha, Asha. Darasa lisome. Kisha waamuru: wa mwanzo na wa mwisho wabadilishane nafasi, wa katikati asiondoke, wote wageuze kadi. Darasa lisome tena: Asha's book. Mahali panapoharibika zoezi hili ni upande wa kushoto: mstari uanzie kushoto kwa wanaotazama, si kushoto kwa walioshika kadi. Chora alama ya chaki sakafuni kabla ya kuanza.

Baada ya kugeuza, mwenye kadi ya 's amshike mkono mwenye kadi ya Asha na asimwachie tena. Vitu ndivyo viwe vinakuja na kuondoka: book, pen, bag, shoes. Mtoto aone kwa macho kwamba 's ni ya Asha.

Sasa leta jambo ambalo vitabu vingi vya Kiingereza haviligusi, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili. Kwetu neno la katikati hufuata ngeli ya kitu: kitabu cha, vitabu vya, kalamu ya, mkoba wa, dau la. Mtoto amekua akijua kwamba kitu kikibadilika, katikati nako hubadilika. Akiona vitabu ni vingi anahisi lazima afanye jambo kwenye 's pia, aiondoe au aisogeze. Andika kadi tano za katikati, cha, vya, ya, wa na la, na upande wa pili wa kila moja andika 's ile ile. Zigeuzwe moja baada ya moja huku darasa likisoma. Zote tano zinaishia mahali pamoja. Lakini usiwaandikie kamwe kwamba "cha" maana yake ni "of". Mwenye kuishika hiyo, ukimfundisha kugeuza mstari, atakuletea "Asha of book".

Wakishaimudu kadi tatu, wape tano: mkoba, wa, dada, wa, Juma. Mstari mzima ugeuzwe kuanzia nyuma, itoke "Juma's sister's bag". Watoto wanalipenda zoezi hili, na linathibitisha kama wameelewa au wamekariri. Kuwa makini na maneno kama "mama yangu". Hayo yaandikwe kwenye kadi moja, na nyuma yake "my mother" nayo kwenye kadi moja. Ukiyatenganisha, wa mwanzo na wa mwisho wakibadilishana nafasi utapata maneno yasiyoeleweka. Neno "the" nalo litakusumbua kidogo: watoto huandika "the Asha's book" au "the teacher's the book". Waambie "the" ni ya mwenye kitu na inakaa mbele yake mara moja tu. Jina la mtu haliitaki. Kwa hiyo "the teacher's book", lakini "Asha's book".

Kipindi cha tatu washike kalamu. Alama yenyewe si ngeni kwao, wameshaiandika katika ng'ombe na ng'ambo. Waambie umbo ni lile lile na kazi ni nyengine, kisha endelea. Angalia mkono: ritifaa ikae juu, baada tu ya herufi ya mwisho ya mwenye kitu. Wengine huiteremsha mstarini ikawa mkato, wengine huitundika juu ya s yenyewe, na hawa wa pili ndio hasa wasiojua wanaiweka kwa ajili ya nini.

Hapa, Mwalimu, badilisha kanuni. "Ritifaa inakaa kabla ya s" inamfanya mtoto atafute s, na Kiingereza kimejaa s. Mwambie badala yake: ritifaa inakaa baada ya mwenye kitu. Sasa anatafuta mtu. Andika ubaoni sentensi hii moja: "Juma's brother sells mangoes." Ina s tatu za mwisho wa neno, na kila moja ina kazi yake. Ya "mangoes" ni ya wingi. Ya "sells" ni ya kitenzi, kwa sababu anayeuza ni mmoja. Ya "Juma's" ndiyo ya umiliki. Kwa kila s darasa liulize: "Kuna kitu cha mtu hapa? Cha nani?" Ni Juma peke yake anayejibika. Kisha wape sentensi kumi za namna hiyo zisizo na ritifaa hata moja, na kazi yao iwe kutia moja tu kwa kila sentensi: "Fatmas mother cooks beans", "My uncles goat eats leaves", na kadhalika. Kujua kwamba inahitajika moja tu kunawafanya wachague badala ya kunyunyiza. Siku ya pili changanya na sentensi mbili tatu zisizohitaji hata moja, kama "Ali buys books", uone nani ataizuia kalamu yake.

Wape pia njia ya kujisahihisha, kwa sababu madaftari 58 hutayamaliza kila siku. Mtoto aweke kidole juu ya ritifaa na kila kilicho kulia kwake katika neno lile, asome kilichobaki. Kilichobaki lazima kiwe ndiye mwenye kitu, kamili. "Asha's": kinabaki Asha, sawa. "Khami's boat": kinabaki Khami, na hakuna Khami darasani. "Ladie's": kinabaki "ladie", neno lisilokuwepo. "Two book's": kinabaki "book", je, kitabu kina mali gani hapa? Njia hii inakamata karibu kila kosa la alama utakalokutana nalo darasa la tano, na ndiyo itakayokubeba kipindi kinachofuata.

Kipindi cha nne ni wenye kitu wakiwa wengi. Hatua ziwe tatu na zisirukwe: andika mwenye kitu au wenye kitu kwanza, neno zima, tia ritifaa, kisha tazama herufi ya mwisho. Ikiwa neno limeshaishia kwa s ya wingi, acha hapo: boys', girls', teachers'. Ikiwa halina s hiyo, ongeza s: children's, women's, men's, people's, fishermen's. Kwa utaratibu huu "childrens'" haizaliwi, kwa sababu hatua ya kwanza inadai neno "children" liandikwe lote kabla ya kugusa alama. Mifano ya kuitazama ipo kwenye kalenda: tarehe 8 Machi ni "International Women's Day", tarehe 5 Oktoba ni "World Teachers' Day". Ya kwanza ina wingi usio na s, ya pili wingi wenye s.

Tatizo kubwa la kipindi hiki ni kuchanganya wingi wa vitu na wingi wa wenyewe. Mvulana mmoja akiwa na vitabu vitatu, mtoto ataandika "the boys' books", kwa kuwa kichwani mwake kuna wingi. Chora ubaoni vyumba vinne: mvulana mmoja na kitabu kimoja, "the boy's book", mvulana mmoja na vitabu vitatu, "the boy's books", wavulana watatu na kitabu kimoja, "the boys' book", wavulana watatu na vitabu vitatu, "the boys' books". Funika maneno, onesha mchoro, waandike. Wakimaliza, badilisha: onesha maneno, wachore. Huku kuchora ndiko kunakofichua nani hajaelewa. Na usiwape imla tupu ya maneno haya, kwa sababu "boys", "boy's" na "boys'" husikika sawa kabisa, na kumkosoa mtoto kwa kitu ambacho sikio haliwezi kukipambanua si haki. Soma Kiswahili chake kwanza, "mpira wa wavulana", ndipo usome Kiingereza.

Kipindi cha tano ni cha "of". Kiswahili kinatumia -a moja kwa kila kitu: kitabu cha Asha, kitabu cha hesabu, pete ya dhahabu, mlango wa skuli, chai ya maziwa, shamba la mikarafuu. Kiingereza kinayagawa, na mtoto anahitaji swali la kugawia. Swali ni hili: "Ni cha nani, au ni cha nini?" Kikijibika kwa nani, mtu au mnyama, tumia 's: "Asha's book", "the cow's tail". Kikijibika kwa nini, au kwa namna gani, mara nyingi maneno mawili hukaa pamoja bila alama yoyote, cha kubainisha kikiwa mbele: "maths book", "gold ring", "school door", "clove farm". Gari la ng'ombe ni "ox cart", kwa sababu ng'ombe hamiliki gari. Kinachobaki ndicho cha "of": sehemu au sifa ya kitu kisicho na uhai, "the end of the road", "the name of the village", na kipimo, "a cup of tea". Darasa la tano halihitaji zaidi ya hapo. Wakikutana na "today's date" waipokee kama ilivyo. Maneno ya muda na ya nchi, kama "a week's holiday" na "Zanzibar's history", yana 's ingawa si watu, na hayo yasubiri darasa la juu.

Kwa mfano wa kuwakaa akilini, waoneshe picha za majumba mawili ya Mji Mkongwe yanayotazama bahari Forodhani. Beit el Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, kwa Kiingereza ni "House of Wonders". Jirani yake, Beit el Sahel, baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa "People's Palace". Uliza: nyumba ya nani? Maajabu si mtu, hayawezi kumiliki nyumba, basi "of". Watu ni watu, basi 's, na kwa kuwa "people" haina s ya wingi, ritifaa inatangulia s.

Kuna mambo ya kuyaweka kando kwa makusudi. "Its" na "it's" yasiingie katika wiki hizi. "Its" ifundishwe pamoja na "his" na "her", nazo zina kazi yao kubwa kwa mtoto wa Kiswahili, maana "-ake" yetu haibagui mwanamume na mwanamke. Wakikuuliza kuhusu "what's" na "he's" wanazoziona vitabuni, wajibu kwa ufupi kwamba hapo ritifaa inashika nafasi ya herufi iliyoachwa. Kwa jina kama Khamis, "Khamis's boat" na "Khamis' boat" zote zinakubalika. Mimi nashauri ya kwanza kwa sababu inaandikwa kama inavyotamkwa, lakini usimkate mtoto alama kwa ya pili. Na mtu akitajwa kwa majina mawili, alama inakaa mwisho wa jina lote: "Asha Juma's book".

Unaposahihisha, kila wiki chagua kosa moja la kupigia mstari, lile la kipindi mlichotoka. Daftari lililojaa wino mwekundu linamfanya mtoto arudi kwenye "the book of", kwa sababu hiyo haimwingizi hatarini. Ukiona darasa zima limekimbilia "of" ghafla, ujue ni woga wa alama, usidhani wamesahau.

Baada ya wiki mbili wape maneno sita kwa Kiswahili, bila onyo, wayaandike kwa Kiingereza: kofia ya babu yangu, mamaake rafiki yangu, madaftari ya wasichana, boti za wavuvi, mlango wa skuli, kitabu cha hesabu. Unatarajia "my grandfather's hat", "my friend's mother", "the girls' exercise books", "the fishermen's boats", "the school door", "maths book". Usijumlishe alama sita kwa sita. Tazama wengi wamekosea wapi. Wakikosea mbili za mwanzo kwa mpangilio, rudi kwenye kadi za kipindi cha pili. Kwa alama, rudi kwenye kidole cha kipindi cha tatu. Mbili za kati zinakurudisha kwenye vile vyumba vinne, na mbili za mwisho kwenye swali la nani na nini.